Mje, Lakini Msinijue

"Mje," aliniambia kwenye simu, "la-la-lakini msinijue."

Nilidhani mtandao unanichezea. Mimi ni msusi, na saa hiyo nilikuwa na kichwa cha mteja mapajani, simu nimeibana kwa bega, vidole vimejaa nywele. Nikamwambia, "Hebu rudia, mwanangu. Tuje halafu tusikujue? Tuje kufanya nini sasa, kuhesabu madirisha?"

Mteja akacheka. Nikamvuta kidogo, akanyamaza.

Aliyenipigia ni binti ya kaka yangu. Jina la cheti analo, zuri tu, lakini sisi tunamwita Chiriku. Chiriku ni kale kandege kasikojua kunyamaza. Baba yake alimpa jina hilo akiwa mtoto wa kutambaa. Kaka yangu ni fundi baiskeli, kazi yake anaifanyia barazani kwake, na mtoto alikuwa anakaa katikati ya matairi akiyapigia gumzo kutwa nzima, ba-ba-ba, ta-ta-ta, mpaka wateja wanasahau walichokuja kutengeneza. Kisha, alipokaribia umri wa shule, kigugumizi kikamkamata. Si kile cha kukwaa mara moja moja, hapana, kigugumizi chenyewe. Neno linafika mdomoni, linasimama mlangoni, haliingii halitoki, na mtoto macho yamemtoka. Majirani wakaanza: jamani, hilo jina mlibadilishe, mnamkejeli mtoto. Kaka yangu ni mtu wa maneno machache sana, ukimpa salamu anakujibu kwa kichwa. Siku hiyo alifuta mikono yake kwenye kitambaa cha grisi akasema, "Nilimwita nilivyomsikia." Akarudi kwenye mnyororo wake. Jina likabaki.

Basi kila mtu akawa daktari. Mmoja anasema mtoto aimbe, mwingine anasema atishwe ghafla, mwingine anasema asisemeshwe kabisa. Aliyepata dawa ni wifi yangu, mama yake. Wifi anafua nguo hospitali. Nimewahi kuingia pale wanapofulia: mvuke, mashine zinanguruma, kwenye meza ndefu mashuka yamerundikana, na wanawake wawili wawili wanakunja shuka, huyu ncha hii, yule ncha ile. Siku za likizo alikuwa anamchukua Chiriku wakakunje wote. Akagundua kitu. Mtoto akisema huku kila mtu ameshika kazi yake, hakuna anayemkodolea mdomo, maneno yanatoka. Yanachelewa, lakini yanatoka. Ukimkazia macho, au ukamsaidia neno, anaharibikiwa kabisa, na hata yale aliyokuwa nayo yanamkimbia.

Wifi akaleta sheria nyumbani. Mtoto akikwama, kila mtu atazame kazi iliyo mkononi mwake. Hakuna kumkodolea. Hakuna kumrushia neno. "Shuka hulivuti mwenzio hajakamata ncha," alituambia. "Ukivuta, litaanguka chini na mtarudia kufua." Na alimaanisha. Baba yetu mwenyewe, mzee wa watu, alimmalizia Chiriku neno "maharage" mezani, na wifi akamwondolea sahani palepale, kwa adabu zote, "Samahani baba, mtoto hajamaliza." Mzee akangoja. Sote tukazoea kungoja. Na mimi, kwa mdomo nilionao, mjue niliteseka kuliko wote. Kuna siku nilihisi neno la mtoto limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Shuleni hakukuwa na sheria hiyo. Mwalimu alimsimamisha asome, akakwama, darasa zima likamalizia kwa pamoja kama wimbo. Wakafanya mchezo. Kila akisimama, wanasubiri akwame wamrukie. Akarudi nyumbani amefunga mdomo, na akaufunga juma zima. Niliposikia, niliondoka na kitana mkononi, mteja wangu nikamwacha nusu kichwa kimesukwa nusu kimesimama wima, nikamfuata wifi hadi kwa mwalimu mkuu. Niliyoyasema huko si ya kuandikwa. Wifi alisema machache, na ndiyo yaliyofanya kazi.

Ndivyo tulivyomkuza. Akasoma, akafaulu, akachagua historia. Nilimuuliza kwa nini historia, akasema vitu vya zamani ha-havina haraka na mtu. Akapata kazi kwenye mji mkubwa, makumbusho ya historia ya mji, akawekwa stoo: kufuta vumbi, kufungasha vyombo kwenye pamba, kubandika namba. Kazi nzuri, mshahara unaingia, na hakuna wa kumsemesha isipokuwa vyungu. Mtu mwingine angeshukuru akatulia. Chiriku akaenda kwa msimamizi wake akaomba kuwa mwongozaji wa wageni.

Ndiyo, umesikia vizuri. Wa kusema. Kutwa nzima. Mbele za watu.

Ndiyo maana alikuwa ananipigia simu. Msimamizi hakumcheka, na hilo nampa haki yake, lakini alimwekea sharti. Atapewa kundi moja, na yeye msimamizi atafuata nyuma. Likienda vizuri, kazi ni yake. Lisipokwenda, anarudi stoo na suala hilo lisizungumzwe tena. Halafu akaongeza: asije na jamaa. Kuna mwongozaji mmoja siku zake za nyuma mama yake alikuja akapiga vigelegele kila chumba, wageni hawakusikia kitu.

"Sasa kama jamaa hawatakiwi, unatuitia nini?" nikamuuliza.

Nikakitazama kichwa cha mteja, nikagawa nywele mafungu matatu, nikaanza msuko mpya. Nilipofika katikati ya msuko akasema, "Ni-ni-nitawaambia mkishafika, Shangazi. We-wewe njoo nao tu."

Bahati ilikuwa upande wetu. Tulikuwa na harusi ya mpwa wa wifi mbele huko, na treni ya kwenda huko unaibadilishia kwenye mji huohuo. Unashuka asubuhi, unapanda nyingine jioni. Tukaondoka watatu: kaka, wifi na mimi, na mizigo ya harusi juu.

Ndani ya treni wifi alitufanyia mazoezi. Nakwambia, mwanamke yule angezaliwa mwanamume angekuwa jenerali.

"Wewe ni nani?" ananiuliza.

"Msafiri."

"Umemfuata nani?"

"Sijamfuata mtu. Nimekuja kutazama vya kale."

"Usiseme vya kale kwa dharau. Na ukimwona, usitabasamu. Wewe ukitabasamu unaonekana hadi magego."

Kaka yangu alikuwa anatazama dirishani. Tulidhani amelala. Akageuka, akauliza taratibu, "Na mimi na mke wangu, tunajuana?"

Wifi akafikiri. "Ninyi mnaweza kujuana."

"Afadhali," akasema kaka, akarudi dirishani.

Makumbusho yenyewe ni jengo la ghorofa moja, kuta nene, ngazi za mawe zilizolika katikati kwa nyayo za watu. Mlangoni kuna mlinzi mwenye sharubu, anakata tiketi kwa makini kama anakata nguo ya bwana harusi. Tulimwomba atuwekee mizigo, akatuwekea chini ya meza yake. Ukumbini walishakusanyika wengine: vijana wawili wa chuo walioshikana mikono, mama mmoja na mtoto amelala mgongoni, na bwana mmoja wa makamo mwenye kofia ya ukindu, mchangamfu, amemsalimu kila mtu kabla hatujaulizana habari. Nyuma yao amesimama msimamizi, mama mrefu, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo, mikono ameifumbata.

Chiriku akatoka. Jamani! Sare ya buluu, shati limenyooka, kitambulisho kifuani, nywele zimebanwa nyuma. Nikaziangalia zile nywele, nikajua hajapata msusi wa maana mji mzima, lakini nikameza. Alitupitishia macho kama anavyoyapitisha ukutani. Mtoto niliyembeba! Iliniuma, halafu papo hapo nikajaa fahari, maana alikuwa anaigiza vizuri kuliko sisi sote. Wifi alikuwa anakitazama kitasa cha mlango kwa bidii kama anataka kukinunua.

"Ka-karibuni," akasema. "Mimi ndiye nitakayewatembeza."

Chumba cha kwanza kilikuwa cha maji. Kuna mfereji wa chuma uliokula kutu, ndoo za zamani, na picha kubwa ya ukutani ya watu wamepanga foleni. Chiriku akaanza vizuri. Akaeleza walivyokuwa wanateka kisimani, na ugomvi wa kisimani, akataja hata matusi yaliyokuwa yanatumika, watu wakacheka. Halafu akataka kusema habari ya bomba la kwanza. Neno likasimama mlangoni.

"B... b... b..."

Sisi watatu tulikuwa tumesimama mbalimbali, kila mtu kivyake, kama tulivyokubaliana. Na sisi watatu, kwa mpigo mmoja, tukainamisha macho. Wallahi hatukupanga. Mwili wenyewe umezoea. Lakini kazi ya mkononi hatukuwa nayo, basi mikono ikajitafutia. Kaka akaanza kuzungusha pete yake kama anakaza nati. Mimi vidole vyangu vikajikuta vinasuka nyuzi za pembeni mwa mkoba wangu. Na wifi, masikini, alivua mtandio wake mabegani akaanza kuukunja, ncha kwa ncha, nusu, robo, kama shuka la wodini.

"Bomba!" akasema yule bwana wa kofia, anatabasamu. Mtu mwema. Ndiyo tabu yake.

Chiriku akamwitikia kwa kichwa, akaendelea. Mikono yetu ikasimama. Wifi akaukunjua mtandio akajitanda tena. Nikainua macho, nikakuta msimamizi anatutazama. Anamtazama wifi, ananitazama mimi, anamtazama kaka yangu na pete yake. Nikajifanya nasoma maandishi ya ukutani.

Chumba cha pili kilikuwa cha moto. Soko la mji liliwahi kuungua lote, na mle ndani wameweka gari la zima moto la kusukuma kwa mikono, kengele, na magogo yaliyobaki, meusi tii. Hapa Chiriku alikuwa na hadithi. Alianza kueleza jinsi wanawake wa soko walivyojipanga mstari kutoka kisimani mpaka kwenye moto, wakapitishiana ndoo mkono kwa mkono, na mmoja wao mjamzito, na hakukubali kutoka kwenye mstari. Ile sauti yake, ikiwa inakwenda, ina kitu. Inakushika. Yule kijana wa chuo aliacha mkono wa mwenzake.

Lakini bwana wa kofia alikuwa ameshaonja. Chiriku akikwama kwenye "kengele," yeye neno analo. Akikwama kwenye "dari," analo. Na ule ni ugonjwa wa kuambukiza. Vijana wakaanza nao. Mama wa mtoto mgongoni naye, "Ndoo! Ni ndoo, si ndiyo?" Hawakuwa na ubaya, walikuwa wanasaidia, wanachekacheka, kama watu wanaotegua vitendawili. Na kila wakisaidia, Chiriku anazidi kukwama. Maneno aliyokuwa anayavuka kama maji ya kifundoni, "na," "kwa," "watu," yakaanza kumzamisha. Nikaona jasho juu ya mdomo wake. Na sisi watatu, kila mara: pete, nyuzi, mtandio. Mtandio ulikunjwa na kukunjuliwa hadi ukapoteza rangi.

Msimamizi akasogea, akasimama karibu na wifi. Nilikuwa hatua mbili nyuma, nilisikia yote.

"Samahani, mama," akamwambia kwa sauti ya chini. "Huyu binti ni wako?"

Wifi yangu hajui kusema uongo. Akinunua nyanya mbovu anamwambia mwenye duka palepale kwamba ni mbovu, ila atazipika hivyohivyo. Akaubana mtandio kifuani. Na Chiriku alikuwa palepale, mkono wake umekamata lile gari la zima moto, ameshasikia swali.

"Hapana," akasema wifi. "Mimi simjui. Napita tu."

Ah! Nimeona mambo katika maisha yangu, lakini uso wa wifi alipotamka yale maneno sitaki kuuona tena. Aliyasema kwa ajili ya mtoto, kama mtoto alivyomwomba, na yalimtoka kama jino. Msimamizi akaitikia tu, "Haya," akarudi nyuma yetu. Chiriku akageuka haraka akasema, "Tu-tu-tuendelee," akatangulia.

Chumba cha tatu ndicho cha mwisho. Habari zilivyokuwa zinafika kwa watu. Kuna simu za kuzungusha kwa mkono, redio kubwa kama kabati, na katikati, juu ya meza yenye kioo, pembe ndefu nyeusi iliyong'arishwa na mikono ya watu. Nilipoiona tu nikajua neno linalokuja, na nikajua ni neno gani kwake. Tangu utotoni, maneno ya midomo kufungana ndiyo maadui zake wakubwa. Na hapa yamepangwa mawili pamoja.

"Kabla ya hivi vyote," akasema, "mji ulikuwa na m... m..."

Tukainama.

"M... m..."

"Mpiga ngoma!" akasema bwana wa kofia.

Chiriku akatikisa kichwa.

"Mpiga picha!" akasema kijana wa chuo, na mwenzake akaangua kicheko, na mama wa mtoto akacheka, na bwana wa kofia akacheka, akasema, "Mpiga kura!" Chumba kizima kikacheka.

Chiriku akafunga mdomo.

Mimi ule uso naujua. Ndio ule aliorudi nao kutoka shule, akakaa nao juma zima. Damu ikanipanda. Nikafungua mdomo, na niliyokuwa nimeyaandaa yangemvua yule bwana kofia yake bila kuigusa, lakini wifi alinikanyaga mguu. Alinikanyaga kwa kisigino, akaniegemea na uzito wake wote, huku anatazama mtandio wake. Nikafunga mdomo. Machozi yalinitoka, na sijui yalikuwa ya mguu au ya mtoto.

Nikamsubiri msimamizi aseme, basi, inatosha, asante. Hakusema. Kaka yangu hakuinua macho, lakini pete ilikuwa inazunguka kwenye kidole chake kama feni.

Ndipo Chiriku akaweka mkono juu ya kile kioo, akawatazama mmoja mmoja. Akasema, "Ngojeni."

Neno zima, safi, halina ufa.

"Mzee wangu, na ninyi ndugu zangu," akasema, "ne-neno nalijua. Sijalisahau. Wenzangu maneno yao hu-hupanda gari. Yangu yanakuja kwa miguu." Akatabasamu kidogo. "Msiyafuate njiani. Yataf-f-fika yenyewe."

Wakacheka tena, lakini kicheko kingine kabisa, cha watu waliokaribishwa ndani. Bwana wa kofia akaivua kofia yake akaishika kifuani. "Nisamehe, binti yangu," akasema. "Kiherehere changu hiki. Sema, tunangoja."

Tukangoja. Chumba kizima. Midomo yake ikabana, shingo ikasimama, na hakuna aliyekohoa. Niliyasikia magari ya nje. Mtoto wa mgongoni akaamka, akatutazama sisi watu wazima tulivyosimama kimya, naye akanyamaza.

"M-m-m-mpiga mbiu," akasema Chiriku.

Na baada ya hapo, ndugu yangu, nani angemshika? Akatuambia habari za yule mtu, alivyokuwa anazunguka mitaa na pembe ile, anaipiga, halafu anasimama. Haanzi kusema. Anasubiri mpaka mwanamke wa mwisho ametoka jikoni, mpaka mzee wa mwisho amefika dirishani, kwa sababu akianza mapema itabidi arudie mtaa mzima. Akatuambia siku alipotangaza kwamba kesho maji yatatoka kwenye chuma, na watu wakampigia kelele kwamba amelewa. Na kesho yake maji yakatoka. Alikwama njiani mara nyingi tu. Kila akikwama, watu wanangoja, anafika, anaendelea. Sikuona tena jasho. Alipomaliza, hakuna aliyeondoka. Yule kijana aliuliza swali, mama wa mtoto akauliza mawili, na bwana wa kofia akauliza manne, akangojea majibu yote manne na kofia yake kifuani.

Watu walipotawanyika, msimamizi akamjia Chiriku. Sisi tukabaki kwenye redio, tunaisoma kama gazeti.

"Wale watatu ni wako," akamwambia.

Chiriku akainamisha kichwa. "Ndiyo, ma-mama. Nimekosa. Ni baba, mama, na shangazi yangu."

"Nilijua tangu chumba cha maji. Yule mama yako amekunja mtandio hadi nimechoka mimi." Akavaa miwani yake, akaivua tena. "Nimeongoza wageni humu nikiwa kijana kuliko wewe. Sijawahi kuona kundi likiuliza maswali hivi kwenye chumba cha mwisho. Huwa wameshachoka, wanataka choo." Akafikiri. "Lakini ziara yako ni ndefu kuliko za wenzako. Itabidi niibadilishe ratiba."

"U-u-uibadilishe?"

"Sasa nifanye nini? Siwezi kukuongezea kasi. Nitakuongezea muda." Akaonyesha mlango kwa kidevu. "Nje kuna kundi la wanafunzi. Hao ni wako. Na watoto hawana adabu, waambie mapema yale uliyowaambia hawa."

Akaondoka zake. Sijui tulivyomfikia Chiriku, nakumbuka tu kwamba tulikuwa tumemshika wote, mtoto yuko katikati, sare imekunjamana. Nilipiga kigelegele kimoja, kifupi. Mnisamehe, kilinitoka. Wifi alikuwa anamshika uso kwa mikono miwili.

"Nimekukana, mwanangu," anasema. "Nimekukana mbele za watu."

"Mi-mimi ndiye niliyekuomba, Mama."

"Nimesema sikujui."

"Mdomo u-umesema. Mikono ilikuwa inakunja shuka." Akacheka, naye analia. "Nilikuwa nawaona wote watatu. Shangazi ana-anasuka mkoba."

"Mkoba wangu umekuwa mzuri zaidi," nikasema, maana nisingesema kitu ningelia kwa sauti. "Haya sasa tuambie. Ulituitia nini?"

Akafuta macho. "Si-sikutaka mnisaidie. Nilitaka mle chumbani ku-kuwe na watu wanaojua kungoja. Hata kama ni wa-wa-wa..."

Akakwama. Tukangoja.

"...watatu tu," akasema.

Kaka yangu hakuwa amesema neno tangu tushuke kwenye treni. Alimwekea mkono begani, ule mkono wenye grisi isiyotoka kwenye mistari ya vidole, akamtingisha kidogo kama anavyotingisha usukani wa baiskeli aliyomaliza kuitengeneza, kuona kama imekaza. Akaitikia kwa kichwa. Chiriku akasema, "Sasa nendeni. Tre-treni itawaacha, na mimi nina wageni."

Akatufukuza hivyohivyo. Watoto wa shule walishaanza kuingia, mstari mrefu wenye kelele, viatu vinakwaruza sakafu, wakatubana ukutani tukapita kwa ubavu. Tukatoka ukumbini, tukamfuata mlinzi atupe mizigo yetu. Sauti ya Chiriku ilikuwa inatufikia kupitia mlango uliobaki wazi. Alikuwa anawakaribisha.

Mlinzi akanipa kapu langu, akampa wifi mkoba wa nguo, akamgeukia kaka. "Mmependa, mzee?"

Najua kaka yangu anavyojibu wageni. Nikangoja kichwa kitingishike. Badala yake akaweka sanduku chini.

"Unamsikia huyo anayesema huko ndani?" akamuuliza.

"Namsikia."

"Mwanangu huyo."

Alisema kwa nguvu, hadi watu waliokuwa wanapanda ngazi wakageuka. Mlinzi akatega sikio kwa heshima. Na palepale, ndani, sauti ikakatika. Kimya. Hata wale watoto kimya. Wifi alikuwa ameshashuka ngazi ya kwanza, akasimama, mguu mmoja juu mmoja chini, hakugeuka.

Mlinzi akakunja uso. "Mbona amenyamaza? Amesahau?"

"Ngoja," akasema kaka yangu.

Tukangoja sote wanne pale mlangoni, mizigo mikononi, na ndani hakuna mtoto aliyepaza sauti. Kisha neno likaja, na jingine nyuma yake, na jingine, na Chiriku huyo, anakwenda.

"Umeona?" akasema kaka. Akainua sanduku lake, tukaenda stesheni.